Panya wa Mtaa wa Sherbourne

Wanangu, sogeeni. Leo nawapeleka Toronto, nchini Kanada, Mtaa wa Sherbourne, jengo namba 500. Mwaka ni 1960. Hapo pana hospitali mpya ya saratani iitwayo Princess Margaret, na ndani yake pana taasisi ya utafiti, Ontario Cancer Institute. Wagonjwa wanatibiwa kwa mionzi, na humo humo wako watafiti wanaohangaika na swali lililokuwa likiwanyima watu usingizi duniani kote: mtu akipigwa na mionzi mikali mwili mzima, ni kitu gani hasa kinachomuua? Na je, kuna namna ya kumwokoa?

Swali hilo lilikuwa na sababu. Miaka 15 tu ilikuwa imepita tangu mabomu ya atomiki yaanguke Hiroshima na Nagasaki. Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zikitunishiana misuli, na hakuna aliyejua kesho ingekuwaje. Tena madaktari wenyewe walikuwa wameanza kujaribu kumpiga mionzi mwili mzima mgonjwa wa saratani ya damu, ili kuiua damu mbovu na kumpa nyingine. Huwezi kuthubutu jambo kama hilo kama hujui mwili unavumilia kiasi gani.

Kabla sijawaonyesha panya, inabidi muujue ugonjwa wa mionzi wenyewe.

Eksirei, mionzi ya aina mojawapo, iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Haina harufu, haina sauti, haiumi inapopita. Ndiyo maana watu wa mwanzo waliichezea bila hofu. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison kule Marekani, alikuwa akijaribu taa za eksirei kwa kuweka mkono wake mwenyewe mbele yake, siku baada ya siku. Mikono ikaungua, vidonda vikakataa kupona, saratani ikaingia. Madaktari wakamkata mkono, wakakata tena, na mwaka 1904 akafariki akiwa hajafika hata miaka 40. Edison akaachana kabisa na kazi ya eksirei.

Sasa, ndani ya mwili kunatokea nini? Sehemu kubwa ya mwili ni maji. Mionzi ikipita hung'oa elektroni katika maji hayo, na maji yaliyovurugwa hugeuka kemikali kali sana. Kemikali hizo hudumu muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini muda huo unatosha kuukata uzi wa DNA ulio ndani ya seli. Wakati mwingine mionzi yenyewe huukata uzi moja kwa moja. DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana. Ukikatika mmoja, seli huuunga bila shida. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, kuunga kunakuwa kugumu, na seli iliyoharibika hivyo ikijaribu kugawanyika, hufa.

Shikeni neno hilo: ikijaribu kugawanyika. Seli za ubongo na za misuli haziumii haraka, kwa sababu hazina haraka ya kugawanyika. Wanaoumia kwanza ni wale wanaofanya kazi hiyo usiku na mchana: mizizi ya nywele, utando wa ndani wa utumbo, na uloto. Uloto, ambao wengine huuita uboho, ni ule ute laini ulio ndani ya mifupa. Humo ndimo damu yako yote inamotengenezwa, kila siku ya maisha yako.

Ndiyo maana ugonjwa wa mionzi ni mdanganyifu. Mtu aliyepigwa dozi kubwa hutapika ndani ya saa chache. Kisha kutapika kunakoma, anapata nafuu, anakula, anaongea, pengine anaomba ruhusa arudi nyumbani. Lakini uloto wake umekwisha kufa, na anaishi kwa akiba. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo hizo hazipungui upesi. Chembe sahani, zinazoziba jeraha, huishi siku 8 hadi 10. Chembe nyeupe, zinazopigana na vijidudu, nyingi huishi siku chache tu, wala hakuna mpya zinazokuja. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu akiba inaisha. Ufizi unavuja damu, ngozi inatoa madoa, homa inapanda, na kijidudu ambacho juzi kisingemfanya lolote sasa kinaweza kumuua. Dozi ya mwili mzima hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Mtu akipata grei 4 hivi kwa mkupuo na asitibiwe, uwezekano wake wa kufa ndani ya miezi miwili ni nusu kwa nusu.

Watu wa kabla ya hao watafiti wa Toronto walikuwa wamekwisha kuona dalili ya tiba. Huko Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Leon Jacobson alimpiga panya mionzi ya kuua, ila bandama yake akaikinga kwa risasi, ile metali nzito. Panya akapona. Mwaka 1951 Egon Lorenz na wenzake wakaonyesha kwamba hata ukimdunga panya aliyepigwa mionzi uloto wa mwenzake mzima, anapona. Halafu, Oktoba 1958, kinu cha utafiti wa atomiki huko Vinča, Yugoslavia, kilipata ajali, na watu sita wakapigwa mionzi. Walipelekwa Paris kwa daktari Georges Mathé. Raia wa Ufaransa walijitolea kuchomwa sindano mifupani ili uloto wao wapewe wageni wasiowajua. Watano walipewa, na katika wale sita alifariki mmoja tu. Mimi kila nikiwafikiria wale watu waliojitolea, wakati jambo lenyewe bado lilikuwa geni kwa binadamu na hakuna wa kuwahakikishia usalama, naona walistahili kukumbukwa kuliko wanavyokumbukwa.

Basi ilijulikana kwamba uloto unaokoa. Haikujulikana ni nini ndani ya uloto kinachookoa.

Sasa turudi Toronto. Wako wawili. Ernest McCulloch ni daktari wa magonjwa ya damu, mzaliwa wa Toronto mwenyewe. James Till ni mwanafizikia, mtoto wa wakulima kutoka nyanda za ngano karibu na Lloydminster, mbali sana upande wa magharibi. Till alikuwa amejifunza kazi ya mionzi kwa Harold Johns, yule aliyetengeneza moja ya mashine za kwanza za kobalti za kutibu saratani mwaka 1951, na sasa Johns ndiye mkuu wa fizikia hapo Mtaa wa Sherbourne. Daktari na mwanafizikia. Mmoja anajua damu, mwingine anajua kuhesabu, na kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Kazi waliyoifanya ilikuwa hivi. Walichukua panya wadogo wa maabara wakawapiga mionzi ya dozi ambayo ingewaua wote. Kisha kila panya akadungwa mshipani seli za uloto kutoka kwa panya mzima. Kundi moja seli chache, kundi jingine zaidi, kundi jingine zaidi tena. Seli nyingine zilikuwa zimepigwa mionzi kidogo kabla ya kudungwa, ili ijulikane zinavumilia kiasi gani. Halafu wakasubiri na kuhesabu: nani amekufa, nani amepona. Sitawaficha, panya wengi walikufa.

Jumapili moja McCulloch alikwenda maabara kuwaangalia panya wake, siku 10 hivi tangu wadungwe. Akawapasua baadhi yao na kuzitoa bandama. Bandama ya panya ni nyembamba, nyekundu iliyokolea, ndogo kuliko kucha ya kidole gumba. Kwa kawaida ni laini juu yake. Hizi zilikuwa na vinundu, vidogo, vilivyoinuka, vya rangi iliyopauka kidogo.

Mtu mwingine angeandika “bandama zina vinundu” akaenda zake nyumbani. McCulloch alivihesabu. Akachukua karatasi ya grafu, akaweka upande mmoja idadi ya seli alizowadunga na upande mwingine idadi ya vinundu. Vitone vikapangana kwenye mstari ulionyooka. Jumatatu asubuhi alikuwa na karatasi ile mkononi, anamwonyesha Till, na Till akaielewa papo hapo.

Mmeielewa nanyi? Mkulima akipanda punje nyingi akaona miche michache, akipanda mara mbili akaona miche mara mbili, anajua kwamba kila mche umetoka kwenye punje moja, na kwamba katika gunia lake punje zenye uhai ni chache. Hapa, kila seli elfu kumi hivi za uloto zilileta kinundu kimoja. Maana yake ni kwamba katika elfu kumi hizo kulikuwa na seli moja ya pekee, iliyokaa kwenye bandama ikaanza kugawanyika mpaka ikatoa jamii nzima ya damu: nyekundu, nyeupe, na mama wa chembe sahani.

Matokeo hayo waliyachapisha Februari 1961 katika jarida la watu wa mionzi, Radiation Research. Kichwa cha makala kilizungumzia jinsi seli za uloto wa panya zinavyodhurika na mionzi, si zaidi. Watu wa fani nyingine wengi hawakulisoma jarida hilo, na kwa muda habari ikapita kimya.

Lakini wao wenyewe hawakuridhika. Mstari ulionyooka ni dalili nzuri, si ushahidi wa mwisho. Je, kama seli mbili tatu ziligandana zikaota pamoja? Hapo akaingia mwanafunzi wao, Andrew Becker, na mimi napenda alichofanya kuliko yote katika hadithi hii. Alizipiga seli mionzi kwa dozi isiyotosha kuziua zote, bali inayotosha kuvunja kromosomu zao, yaani vifurushi vya DNA. Vipande vilivyovunjika hujiunga upya ovyo ovyo, na baadhi ya seli hubaki na kovu ambalo halifanani na la nyingine. Kisha akasubiri vinundu, akatazama kromosomu kwa hadubini. Ndani ya kinundu kimoja, seli kwa seli, kovu lilikuwa lile lile. Mama yao alikuwa mmoja. Makala ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1963. Madhara ya mionzi, yale yale yanayoua, yalitumika kuwa alama ya kuufuatilia ukoo wa damu.

Seli ile ndiyo leo tunayoiita seli shina ya damu. Watu waliotaka kupima mionzi inaua kiasi gani ndio waliothibitisha kwamba ipo seli inayorudisha damu.

Imesaidia nini? Kwanza, ilionyesha kwamba ukirudisha seli shina, damu yote inarudi. Upandikizaji wa uloto ukapata msingi wa kusimamia. Siku hizi mgonjwa wa saratani ya damu hudhoofishwa uloto wake kwa dawa kali, pengine na mionzi pia, kisha hupewa seli shina za mtu ambaye tishu zake zinalingana na zake. Hata kwetu Tanzania jambo hilo limefika. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikizia watoto wenye selimundu mwaka 2023, wakipewa uloto wa ndugu zao wa tumbo moja.

Lakini msidhani kila aliyepigwa na mionzi hupandikizwa. Kinu cha Chernobyl kilipolipuka Aprili 1986, watu 134 walithibitishwa kuugua ugonjwa wa mionzi, na 28 kati yao walifariki ndani ya miezi michache. Waliopandikizwa uloto walikuwa 13, na karibu wote walifariki, kwa sababu ngozi na matumbo yao yalikuwa yameungua pia, na uloto hauponyi ngozi. Tangu hapo madaktari wamekuwa waangalifu. Mtu akipata ajali ya mionzi leo, wanahesabu chembe zake nyeupe kila baada ya saa chache, kwa maana kasi ya kushuka kwake inaonyesha ukubwa wa dozi. Wanatazama pia kromosomu zake, kama alivyofanya Becker, wakihesabu zilizojiunga vibaya. Kisha wanamweka chumba safi, wanampa antibiotiki, wanamwongezea damu na chembe sahani, na wanamdunga dawa ya kuchochea uloto uliobaki uzalishe chembe nyeupe haraka. Dawa ya jamii hiyo, filgrastimu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa ajili ya wagonjwa wa mionzi. Ikiwa seli shina chache zimesalia hai mifupani, mara nyingi zinatosha, bora mtu alindwe mpaka zifanye kazi yake.

Na jambo moja msikubali kudanganywa: aliyepigwa na eksirei hana mionzi ndani yake. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Unaweza kumkumbatia, kumlisha, kulala naye chumba kimoja.

Hayo ni madhara ya haraka. Yako mengine yanayokuja polepole, na hayo pia Toronto imeyachunguza.

Kabla ya dawa za kifua kikuu kupatikana, wagonjwa walilazwa katika hospitali zao maalumu kwa miezi na miaka. Toronto ilikuwa nayo moja, huko Weston, iliyofunguliwa 1904. Tiba mojawapo ilikuwa kusukuma hewa kati ya pafu na ubavu ili pafu lisinyae, lipumzike. Hewa hiyo huisha yenyewe, kwa hiyo ilibidi iongezwe kila baada ya wiki moja au mbili, na kila mara mgonjwa alisimamishwa mbele ya mashine ya eksirei ili daktari alione pafu. Mara mia na zaidi kwa baadhi yao. Walipona kifua kikuu, wakaolewa, wakazaa. Mwaka 1965 daktari Ian MacKenzie wa Nova Scotia aliandika habari za wanawake wa namna hiyo waliopata saratani ya matiti. Aliyemfungua macho alikuwa mgonjwa ambaye ngozi ya kifua chake ilikuwa na alama za kuungua kwa mionzi.

Hapo watafiti Anthony Miller na Geoffrey Howe, waliokuwa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na wenzao, wakafuatilia rekodi za wanawake 31,710 waliotibiwa kifua kikuu Kanada kati ya 1930 na 1952. Ripoti yao ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba waliopata angalau sehemu moja ya kumi ya grei kwenye matiti walikufa kwa saratani ya matiti kwa asilimia 36 zaidi ya wale waliopata chini ya hapo. Waliodhurika zaidi walikuwa wale waliopigwa wakiwa wasichana wa miaka 10 hadi 14. Umri wenu huo. Na madhara yalifikia kilele miaka 25 hadi 34 baadaye, wakati wengi walishasahau jina la hospitali. Kule Nova Scotia hali ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ndogo kabisa: huko mgonjwa alisimama akiielekea taa ya mashine, na katika majimbo mengine aliipa mgongo. Kuipa mgongo kungewapunguzia matiti mionzi mingi sana, bila gharama ya senti moja.

Ontario, jimbo lenye Toronto, ilitunga sheria ya mashine za eksirei mwaka 1980. Kwetu Tanzania kazi ya kukagua mashine hizo ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

Najua sasa wako watakaoogopa picha ya kifua. Msiogope. Picha moja ya kifua ina dozi ya milisiveti 0.1 au chini ya hapo (milisiveti ni kipimo kingine cha mionzi), na kila mwaka ardhi, hewa na anga vinatupa wastani wa milisiveti 2.4 bila kwenda hospitali. Mwenye mfupa uliovunjika au kikohozi kisichoisha anahitaji picha, na kuikataa kuna hatari kubwa kuliko mionzi yake. Skani ya CT ni habari nyingine: dozi yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya picha ya kifua, kwa hiyo ni haki yenu kuuliza kwa adabu, “Daktari, kuna kipimo kingine kingeweza kutupa jibu?” Kama una picha ya zamani nenda nayo, pengine haitahitajika nyingine. Na mama mwenye ujauzito aseme kabla ya mashine kuwashwa.

Kwa waliopata mionzi mingi ya matibabu kifuani, Ontario tangu 2011 ina mpango maalumu. Mwanamke aliyetibiwa hivyo kabla ya miaka 30, na ikapita miaka 8 au zaidi, hupimwa matiti kila mwaka kwa MRI na eksirei ya matiti kuanzia umri wa miaka 30. Mpango unasema wazi kwamba picha ya kawaida ya kifua haihesabiwi. Saratani ikishikwa ingali ndogo, mara nyingi hutibika.

Basi kama katika ukoo wenu yuko aliyetibiwa saratani kwa mionzi akiwa mtoto, mwambieni atunze karatasi zake za hospitali, zile zinazoonyesha alipigwa wapi na kiasi gani. Akikua aende nazo kwa daktari aulize apimwe nini na lini, hata kama anajiona mzima kabisa.